Bango na jalada la jarida kwa filamu ya kutisha ya wanafunzi: je, picha moja inatosha?

Mwanafunzi wa Filamu aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Kikundi chetu kinakamilisha filamu fupi ya kutisha iitwayo Komeo, inayomhusu msichana aliyeachiwa nyumba aitunze, ambaye anagundua kwamba mlango wa stoo, ambao kila mtu alimwambia haufunguki kwa sababu ufunguo ulipotea, kumbe umekomewa kwa ndani. Tunatakiwa kuwasilisha kionjo cha filamu, bango la kuitangaza, na jalada la jarida la filamu ambalo habari yake kuu ni filamu hiyo. Mimi nimekabidhiwa bango na jalada.

Katika rasimu niliyonayo nimetumia picha moja kwa kazi zote mbili. Ni fremu niliyoitoa kwenye video, inayoonyesha uso wa mhusika mkuu ukiwa umetapakaa damu, nyuma yake giza, na jina la filamu kwa herufi nyekundu zinazochuruzika. Mwalimu wetu hakuikataa, ila aliniuliza: jina likifutwa, mtu atajuaje kwamba bango hili ni la filamu yenu na si la nyingine yoyote? Sijapata jibu hadi sasa. Naomba mnishauri kama inafaa picha moja itumike kotekote, kama uso wa mwigizaji uonekane katika bango, na kwa nini nakala niliyoichapa kwa majaribio imetoka nyeusi kiasi kwamba nywele za mhusika hazitofautiani na ukuta, ilhali kwenye skrini kila kitu kinaonekana vizuri.

Mchora Mabango alijibu:

Ndugu, swali la mwalimu wako ndilo la kuanza nalo. Damu, giza na herufi zinazochuruzika humwambia mpita njia kwamba hii ni filamu ya kutisha, na kazi yake inaishia hapo. Hazimwambii ni hofu gani inayomsubiri. Bango halina budi kubeba hofu moja mahususi, na mara nyingi huibeba vizuri zaidi likiificha sehemu yake kubwa. Chukua bango la filamu ya Alien ya mwaka 1979, lenye yai moja linalotoa mwanga wa kijani kupitia ufa wake, katikati ya weusi. Kiumbe hakionekani, waigizaji hawaonekani, na hata yai lenyewe halifanani na yale yaliyomo katika filamu. Wabunifu hawakusimulia hadithi; walimwachia mtazamaji ajiulize ni nini kinachotaka kutoka humo. Bango la Jaws la mwaka 1975, lililotokana na mchoro ambao Roger Kastel aliuchora kwanza kwa ajili ya jalada la kitabu, lilikwenda njia nyingine. Papa yuko wazi kabisa, lakini mwogeleaji aliye juu hana habari naye, na kinachotutia hofu ni kwamba sisi tunajua asichokijua yeye.

Ninyi mnacho kitu ambacho hakimo katika filamu nyingine, nacho ni komeo lililo upande usiotarajiwa. Ningekuwa mimi, ningeiweka kamera ndani ya stoo, gizani, ikiuelekea mlango uliofungwa. Komeo lingeonekana limesukumwa hadi mwisho, chuma chake kikiwa kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Mwanga mwembamba ungepenya kandokando ya mlango, na katika upenyo wa chini vingeonekana vivuli vya miguu miwili ya mtu aliyesimama nje. Mara ya kwanza mtazamaji ataona mlango tu; akikaa nao kidogo atatambua kwamba yeye mwenyewe amesimama mahali alipo yule aliyekomea. Picha hiyo haihitaji damu wala uso wa mtu, na jina likifutwa bado itakuwa ni ya filamu yenu peke yake.

Herufi za jina ziwe tulivu. Jina lenu ni fupi, hivyo linaweza kuandikwa kwa herufi kubwa nyembamba zilizoachanishwa kwa upana na kuwekwa mahali penye giza tupu. Picha ikishatisha, herufi hazina haja ya kutisha tena. Kaulimbiu nayo isirudie kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Ningependekeza maneno matatu tu: «Ufunguo haukupotea kamwe.» Yanampa msomaji habari ambayo picha haina, na papo hapo yanamrudisha kulitazama komeo.

Kuhusu ile safu ya majina iliyosongamana chini ya mabango ya sinema, iwekeni, kwa kuwa bila hiyo bango huonekana kama tangazo la tamasha. Herufi zake huwa nyembamba na ndefu kwa sababu mikataba ya watengenezaji filamu kwa kawaida huupima ukubwa wa majina kwa kuulinganisha na ukubwa wa jina la filamu, basi wabunifu wakatafuta herufi zinazotimiza kimo bila kula nafasi ya upana. Andikeni majina ya watu waliofanya kazi kweli, na msibuni tuzo ambazo hamkupata. Msomaji makini huziona mara moja, na bango zima hupoteza heshima.

Mhariri wa Picha alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu bango, lakini msije mkaupeleka mlango huo kwenye jalada la jarida. Bango hutangaza filamu. Jalada hutangaza jarida, na filamu yenu ni sababu mojawapo tu ya mtu kulichukua jarida hilo. Kwa hiyo picha moja haitoshi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Jalada la jarida la filamu husimama juu ya uso wa mtu, na macho yake humtazama msomaji moja kwa moja. Katika filamu mwigizaji hutakiwa asiitazame kamera. Katika jalada hutakiwa aitazame. Ndiyo maana fremu iliyotolewa kwenye video haifai hapa. Andaeni kikao cha kupiga picha za mnato, mwigizaji akiwa katika mavazi ya mhusika, lakini asiwe anakimbia wala kupiga kelele. Mpigeni akiwa ametulia, amesimama wima, mkono mmoja umeshika ufunguo usio na kazi. Piganeni na kishawishi cha kumwagia damu nyingi, ingawa hapa ningelegeza kidogo msimamo wa mwenzangu, kwa sababu inategemea jarida mnalolibuni. Jarida kama Fangoria, lililoanza mwaka 1979 na linalojulikana kwa filamu za kutisha, lina wasomaji wanaoitarajia damu. Jarida kama Empire, lililoanza mwaka 1989 na linaloandika kuhusu filamu za kila aina, haliwezi kulijaza jalada lake kwa namna hiyo kila toleo. Amueni kwanza msomaji wenu ni nani, kisha rangi na herufi zitafuata.

Mkiwa bado mnapiga picha, fikirini mahali maneno yatakapokaa. Jina la jarida litatanda juu, hivyo juu ya kichwa cha mwigizaji pawepo nafasi ya kutosha. Majarida maarufu huruhusu kichwa cha mtu kufunika sehemu ya jina, kwa kuwa msomaji analijua hata likikatwa. Lenu halijulikani, kwa hiyo kichwa kifunike sehemu ya herufi moja tu, na si ile ya kwanza. Pembeni wekeni vichwa vya makala nyingine, tena visivyohusu filamu yenu: mahojiano na mwongozaji wa kubuni, makala kuhusu muziki wa filamu, orodha ya filamu za msimu. Wanafunzi wengi hulisahau jambo hili, wakajaza jalada zima habari za filamu yao, na matokeo yake ni bango la pili lenye msimbopau, yaani ile mistari ya bei inayosomwa na mashine dukani. Msimbopau wenyewe, tarehe na bei vikae kwenye kona ya chini, na mistari ya msimbo iwe juu ya kisanduku cheupe, kwa maana ikiwekwa juu ya picha nyeusi mashine haiwezi kuisoma.

Mpiga Chapa alijibu:

Naomba nijibu lile la weusi, ambalo huniletea wateja wenye huzuni kila mara.

Kwanza ni fremu yenyewe. Video ya kawaida ya ubora wa juu ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa 1080. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kipimo tunachokitumia kwa kazi inayosomwa mkononi, unapata picha ya takriban sentimita 16 kwa 9. Jalada la ukubwa wa A4 linahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na bango la A3 linahitaji 3508 kwa 4961. Zaidi ya hapo, video imelala na karatasi yako imesimama. Ukiikata fremu hiyo ilingane na umbo la karatasi unabaki na upana wa pikseli zisizofika 800. Kamera ya picha za mnato, hata ya kawaida, itakupa zaidi ya hapo kwa mbali.

Pili, skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi hungoja mwanga wa chumba. Sehemu zenye giza ambazo kwenye skrini bado zina maumbo, kwenye karatasi hugandamana zikawa weusi mmoja. Punguza mwangaza wa skrini yako unapofanya kazi, na uzinyanyue kidogo sehemu za giza kuliko unavyodhani inafaa. Lakini programu haiwezi kurudisha kitu ambacho taa haikukiangaza. Nywele zitatengana na ukuta ikiwa utaweka taa ndogo nyuma ya mwigizaji, upande mmoja, ili ichore mstari wa mwanga kwenye nywele na bega. Giza la picha ya kutisha linahitaji taa iliyopangwa kwa uangalifu kuliko picha ya mchana.

Tatu, wino. Mashine huchapa kwa samawati, majenta, njano na nyeusi. Wino mweusi peke yake ukijaza eneo kubwa huonekana kijivu kilichochoka, kwa hiyo huongezewa kiasi cha rangi nyingine. Hata hivyo usijaze zote nne kwa asilimia 100, kwani jumla ya 400 hailoweshi tu karatasi, hata kukauka hukawia. Wachapaji wengi huweka kikomo cha karibu asilimia 300, kutegemea aina ya karatasi. Muulize mchapaji wako kabla ya kuandaa faili. Acha pia milimita 3 za picha zinazozidi mstari wa kukata kila upande, la sivyo ukingo mweupe utajitokeza, na kwenye bango jeusi hauna pa kujificha.

Kwa programu za bure, GIMP inatosha kwa picha, Inkscape kwa jina la filamu, na Scribus kwa kupanga ukurasa na kutoa faili ya kuchapwa. Lile wazo la mwanga mwembamba kandokando ya mlango nimelipenda, ila msiufanye mwembamba mno: wino hutanuka kidogo kwenye karatasi, na weusi wa pande mbili utaumeza mstari huo. Watu wengi pia wataliona bango kwenye simu, likiwa dogo kama stempu. Lipunguzeni kufikia ukubwa huo mwone kama komeo bado ni komeo.

Mwanafunzi wa Filamu alijibu:

Nawashukuru sana. Nimejaribu kuupiga picha mlango kutoka ndani kwa simu tu, na tayari wenzangu wamesema ndiyo filamu yetu. Mwongozaji wetu, hata hivyo, ana wasiwasi kwamba tukilionyesha komeo tutakuwa tumeifichua siri ya hadithi. Katika filamu ugunduzi huo unatokea kabla ya nusu.

Mchora Mabango alijibu:

Ikiwa unatokea kabla ya nusu, hiyo si siri bali ni mwanzo wa tatizo, na bango lina haki ya kuutumia. Siri ni nani aliyekomea na kwa nini. Mlindeni huyo: hata kivuli cha mkono wake kisionekane. Kionjo nacho kiishie kabla mlango haujafunguliwa, ili kisije kikatoa bure kile ambacho bango limekificha.

Mhariri wa Picha alijibu:

Ninaongeza mambo mawili. Kwa kuwa picha zitatofautiana, unganisheni kazi zenu kwa jina la filamu: popote litakapotokea, iwe katika kionjo, bango au jalada, liandikwe kwa fonti ileile, kwa nafasi zilezile na kwa rangi ileile. Na kabla ya kuchapa, someni leseni ya fonti hiyo, maana nyingi zinazopakuliwa bure huruhusu matumizi binafsi tu, kisha mpate idhini ya maandishi ya mwigizaji kwa picha zake zote mbili, ya jalada na ya vile vivuli vya miguu ikiwa ni vyake.