Barakoa ya Kakashi kwa anayeanza: skuba, taiti ya mtumba au ule mrija wa bodaboda?

sindano_mpya (Dar): Wakuu habarini. Naanza kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa katuni, na nimemchagua Kakashi, yule ninja wa katuni ya Kijapani ya Naruto, kwa sababu vitu vyake vingi vinapatikana: suruali ya bluu iliyokolea ninayo, kizibao cha kijani fundi kakubali kukishona. Kichwa kinaniuma kwenye barakoa yake, ile inayofunika pua mpaka shingoni. Kariakoo nimeona skuba, kile kitambaa kinene cha kuvutika, nimeona taiti za mtumba, na kuna ile mirija ya kitambaa wanayovaa bodaboda shingoni, ambayo haihitaji hata sindano. Cherehani ni ya bibi, ya kukanyaga, inashona mstari ulionyooka tu. Nichukue kipi?

fundi_gizani (Tanga): Mrija wa bodaboda ni mzuri kwa picha moja, siyo kwa siku nzima. Ukifungua mdomo kuongea, kidevu kinauvuta chini na pua inatokea. Halafu mnasahau kitu: barakoa ya Kakashi haijitegemei, imeungana na fulana ya ndani isiyo na mikono. Ukiiunga na fulana inabana vizuri shingoni na haizunguki.

Mimi ni taiti. Paja la taiti tayari ni mrija, una mshono mmoja tu. Ule mshono ukae kisogoni, mbele kunabaki kitambaa kitupu. Pale sokoni livute kwa upana na kwa urefu; ukiliachia lirudi pale pale. Lililolegea magotini liache. Kisha ingiza ngumi ndani, livute juu yake kwenye mwanga. Ukiona rangi ya ngozi, na meno yako yataonekana.

skuba_daima (Nairobi): Sikubaliani. Taiti inalala usoni mpaka pua inapotea, ukipigwa picha ya ubavu uso ni bapa kama kitumbua. Skuba inasimama. Unakata vipande viwili, kushoto na kulia, mshono unapita katikati ukifuata mkunjo wa pua, mdomo na kidevu. Na haichanuki nyuzi, kwa hiyo ukingo wa juu huhitaji kuupinda. Kwa cherehani ya mstari mmoja hiyo ni nafuu kubwa.

fundi_gizani: Nafuu mpaka saa sita mchana. Skuba ni nzito, haipitishi hewa. Huyu yuko Dar, jamani! Na pua unaweza kuirudisha: chukua kile kiwaya cha barakoa za hospitali, kishone kwa ndani pale juu.

zigizaga (Mombasa): Mnabishana kitambaa, cherehani mmeisahau. Mshono ulionyooka kwenye taiti hukatika siku ya kwanza kuvaa, kwa sababu kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Dada, ukiunga barakoa na fulana, kivute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya mguu wa cherehani wakati unashona, na utumie uzi wa poliesta. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, ile ya vitambaa vya kuvutika, la sivyo cherehani itaruka mishono. Ukiona shida, bandika kwa pini ujaribishe, kisha mpelekee fundi mwenye ovaloki, ile cherehani ya kushona kingo, akupitishie mshono huo mmoja. Haimchukui muda.

sindano_mpya: Asanteni sana. Vipimo je? Napima wapi?

zigizaga: Zungusha futi juu ya pua mpaka kisogoni, chini ya masikio. Kata pungufu ya hapo, kama sehemu moja ya kumi. Ukivaa ukasikia mapigo ya moyo kwenye pua, umepunguza mno.

skuba_daima: Haya, kwa joto la Dar nakubali taiti. Ila picha za ubavu nilikuonya. Jingine: kile kitambaa cha paji la uso kinafunika jicho la kushoto. Kwa jicho moja ngazi zinadanganya, miguu inakosa kipimo. Kipandishe unapotembea, kishushe ukifika kwa mpiga picha.

sindano_mpya: Nimepata taiti ya bluu iliyokolea, inarudi vizuri. Nianze kukata leo?

fundi_gizani: Ifue kwanza mpaka maji yatoke meupe. Hizo za rangi nzito zikikutana na jasho zinahamia kidevuni.

zigizaga: Na usikate miguu yote miwili. Mmoja wa akiba.