Mtoto ana miaka minne hajui Kiswahili, bibi yake hajui Kiingereza. Nani mwenye kosa?

Mama Pacha (mleta mada): Habari za jioni wakuu. Mama mkwe alikuja toka Singida akae mwezi, juzi kaaga baada ya wiki mbili. Anasema humu ndani hana wa kupiga naye soga. Tangu mwanangu azaliwe tunaongea naye Kiingereza tu, hata dada wa kazi anajikongoja nacho hivyohivyo. Bibi akimwambia "njoo nikupake mafuta", mtoto anabaki anamkodolea macho. Asubuhi ni "gudi moningi, bibi". Mume anataka tuanze Kiswahili leo leo, mimi naogopa atachanganya lugha na Januari anaanza awali. Nishaurini, bila matusi.

Kiroboto: Gudi moningi kwa bibi mzaa baba? Hata shikamoo hajui? Hilo si suala la lugha dada, ni malezi.

Mama Pacha: Nimesema bila matusi. Malezi yangu huyajui.

Nesi wa Zamu: Dada, mimi niko wodi ya watoto. Analetwa mtoto wa miaka mitano analia tumbo. Namuuliza, linanyonga, linachoma au linavuta? Nioneshe kwa kidole. Jibu ni "peining". Kila kitu peining. Mama ndiye anayemjibia, na mama alikuwa kazini kutwa. Dada wa kazi aliyemwona anavyojikunja kaachwa nyumbani kufua.
Kuchanganya ndiyo, watachanganya, halafu hupita. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea, tatizo ni akikosa wa kuongea naye. Wa kwako anatunga sentensi kwa hicho Kiingereza?

Mama Pacha: Anataja rangi zote na anahesabu hadi ishirini. Anaimba na katuni. Sentensi ndefu bado.

Ngosha wa Bariadi: Mimi Kiswahili nimekikuta shuleni, nyumbani ilikuwa Kisukuma mwanzo mwisho, Kiingereza nikaanza kuhangaika nacho sekondari. Leo ripoti za ofisi naandika mimi. Asubuhi mwangaluka kwa mama kwenye simu, mchana kikao na Wazungu.

Kiroboto: Ngosha, kumbe na nyie shikamoo hamna.

Ngosha wa Bariadi: Tuna mwangaluka na goti linapigwa. Shikamoo yenu ni ya utumwani, "nashika miguu yako bwana". Mnamsema mtoto wa watu kwa salamu msiyojua ilikotoka.

Mwana wa Makunduchi: Hebu tuliza mshono. Kila anayeona uzito kuamkia watu anakuja na hadithi hiyo ya utumwa, ushahidi haleti. Kushika miguu ya mzazi wako ni utumwa? Na marahaba unaijua? Neno la Kiarabu hilo, makaribisho. Mdogo anainama, mkubwa anamkaribisha. Bwana na mtumwa umewaona wapi hapo?

Ngosha wa Bariadi: Kwa hiyo nusu ya salamu mmekopa.

Mwana wa Makunduchi: Na hiyo "ripoti" yako umeirithi kwa babu?

Baba Wawili: Samahani nawakatisha. Wa kwangu wa pili alifika miaka mitatu haongei. Upande wa mke wakasema lugha zimemchanganya, maana mama Mhaya, mimi Mnyakyusa. Upande wangu wakasema ni udata, yaani ulimi umefungwa kwa chini, mzee mmoja akamkata chini ya ulimi kwa wembe. Siku moja sufuria ikadondoka jikoni, kaka yake akaruka, yeye akaendelea kupanga vizibo vya soda. Kupimwa masikio, hasikii. Miaka yote hiyo kadi ya kliniki tulikuwa tunatazama uzito tu. Sasa ana saba, tunaongea kwa lugha ya alama. Mimi vidole vizito, nikikosea ananicheka. Mleta mada, wako umempima masikio?

Kiroboto: Pole sana mkuu. Ila Makunduchi hajajibu, huko visiwani vijana wanaamkia au wanasema "mambo" tu?

Ada Nimelipa: Wanafiki mmejaa. Mnaoshabikia Kiswahili watoto wenu wako kayumba, shule za serikali? Sera ya elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike ngazi zote na Kiingereza kiendelee kutumika, sasa hapo mzazi ashike lipi? Sekondari Kiingereza, chuo Kiingereza, usaili Kiingereza. Hata hao manesi wanaotufundisha malezi, mgonjwa kalala pale, wao na daktari wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake.

Nesi wa Zamu: Usinitukanie kazi. Daktari akizungumza na wanafunzi wake, mimi ndiye ninayebaki kumweleza bibi kwa Kiswahili. Bahasha ya dawa imeandikwa 1x3, nani anamwambia ni kimoja asubuhi, mchana na jioni? Nina bibi alikuwa anameza vitatu kwa mpigo, na mjukuu aliyemsomea hiyo bahasha yuko shule ya ada kama yako.

Ada Nimelipa: Basi andikeni vizuri.

Nesi wa Zamu: Njoo uandike wewe, wagonjwa sitini kwa zamu.
Mama Pacha, punguza katuni. Shirika la Afya Duniani walishatoa mwongozo 2019, umri wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Mama Pacha: Kwetu inawashwa saa kumi na mbili asubuhi jamani. Baba Wawili, nimegonga sufuria nyuma yake sasa hivi. Kageuka.

Nesi wa Zamu: Sufuria si kipimo. Kuna wanaosikia kishindo na maneno hayawafikii. Mpeleke. Na bibi mpigie arudi, amsimulie hata hizo za sungura na fisi.

Mama Pacha: Nimempigia. Kauliza nitamtumia nauli au nitamtumia Mzungu.

Kiroboto: Akija na shikamoo amfundishe.

Ngosha wa Bariadi: Nimesema hivi, shikamoo ni...