Carina inagonga mbele kulia kwenye matuta, fundi anasema nisafiri tu. Naombeni ushauri

Mwandiga_Juu
Habari zenu wakuu, hasa nyie mnaopiga ruti za Kigoma huku. Nina Carina TI nimenunua kwa mtu mwaka jana, kazi yake kubwa ni kwenda Kalinzi na kurudi, napakia ndizi na maharage, siku nyingine abiria wawili watatu. Sasa yapata wiki tatu nikipita tuta au kashimo taratibu nasikia mbele kulia "ko ko", ila nikiwa spidi 80 siisikii kabisa. Na usukani naona umelegea, yani naugeuza kwanza hewani hivi ndo gari inafuata. Nimepeleka kwa fundi akashika tairi akalitikisa gari ikiwa chini akasema ni linki ya stabilaiza (kile kifimbo cha baa inayozuia gari isilale kwenye kona) hiyo haina madhara, nenda safari ukirudi tutabadilisha. Jumamosi mdogo wangu anaoa Urambo, ndani ya gari kutakuwa na mama, mke wangu na watoto wawili na mizigo. Roho yangu haijatulia. Mnatofautishaje sauti ya linki na kitu kibaya zaidi? Na mtu asiye fundi kama mimi nikague nini mwenyewe?

Spana17_Ujiji
Kaka usisafiri na hiyo gari mpaka ipandishwe jeki. Linki ikiisha inagonga kweli na hapo mwenzangu hajakosea, haiangushi gari. Shida ni kwamba boljointi (ile goroko inayoshikilia tairi kwenye mkono wake wa chini) nayo inagonga hivo hivo, na tairodi (fimbo inayotoka usukani kwenda kwenye tairi), na bushi za kontro aamu, yani raba za huo mkono, sikio peke yake halitoshi. Kilichonishtua mimi ni huo usukani, linki haina habari na usukani kabisa.

Kutikisa tairi gari ikiwa imekaa chini haionyeshi boljointi iliyoisha maana uzito wote umebana pale. Pandisha jeki, weka na standi au gogo imara, usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake nakuomba sana. Kamata tairi kulia na kushoto ulisukume kama unakata kona kidogo, likicheza wakati usukani umetulia angalia tairodi. Af kamata juu na chini, vuta sukuma, likicheza mwambie mtu akanyage breki ushike tena. Mchezo ukipotea ni beringi ya tairi, ukibaki palepale ni boljointi. Hapo hata mtoto wa gereji atakuonyesha kwa macho, raba yake itakuwa imepasuka na grisi imeshatoka.

Na usifurahie kwamba kwenye spidi 80 haigongi. Inagonga, ni vile kelele ya barabara na injini imeifunika.

Dereva_wa_Manyovu
Msikilize fundi hapo juu ndugu yangu. Mimi nilikuwa na Probox, sauti hiyohiyo, ko ko ko, nikaizoea, abiria wakiuliza nawaambia ni linki, na mimi mwenyewe nilikuwa naamini. Siku nashuka kutoka Kalinzi kuja Mwandiga nina watu sita, nimepunguza mwendo nipande tuta, nikasikia kitu "paaa", mbele kushoto kukalala. Boljointi imechomoka kwenye kikombe chake, tairi limejikunja kwenda nje, gari imekaa chini na ule mkono unakwangua lami, usukani nazungusha haukamati chochote. Hakuna aliyeumia kwa sababu tulikuwa tunatambaa tu. Dakika tano nyuma nilikuwa kwenye zile kona za mteremko na mwendo wa sabini. Nilikaa pembeni ya barabara nikawa nawaangalia wale abiria mmoja mmoja, kuna mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mpaka leo nikisikia ko sipandishi mtu.

Na kwa sababu nawe unapita mteremko huohuo, acha tabia ya kuweka fri (kutoa gia) ili uokoe mafuta, na wengine wanazima kabisa injini! Injini ikizimwa bustaa ya breki (inayoongezea mguu wako nguvu) inaishiwa nguvu, ukikanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika gari. Ukisikia harufu ya kuungua na pedeli imeanza kuwa laini, breki zimechemka, simama zipoe, na usizimwagie maji.

Dada_wa_Isevya
Naandika kutoka Tabora, sio fundi ila IST yangu imenifundisha mengi. Kaka yangu maadam inapandishwa jeki angalia na breki hapohapo. Pedi nyingi zina kijiulimi cha chuma, zikikonda kinagusa diski kinalia "wiiii" kama filimbi. Huo ni wakati wa kununua pedi. Mimi nilidhani ni vumbi nikaacha, baada ya muda ikawa inakwaruza kama jiwe la kusagia, kumbe chuma kwa chuma, nikanunua pedi na diski pamoja. Pia kikopo cha mafuta ya breki kikipungua usikimbilie kujaza ukadhani umemaliza, pedi zikilika yanashuka yenyewe, au kuna mahali panavuja, angalia kwa ndani ya matairi kama kumelowa. Na pedeli ikiwa inazama taratibu umesimama umeikanyaga, hiyo gari haiendi popote.

Matairi nayo pitisha kiganja, hasa upande wa ndani ambao hatuuoni tukisimama nje. Langu lilionekana zima kumbe ndani nyuzi zinachungulia. Na kama ni ya mtumba soma zile namba nne za mwisho kwenye DOT ubavuni mwa tairi, 3516 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 mwaka 2016. Kashata (meno ya tairi) nzuri haisaidii kama mpira umeshakuwa mkavu una nyufa.

Mwandiga_Juu
Nimerudi wakuu. Nimeipeleka gereji nyingine leo asubuhi na nimesimama palepale. Linki nzima kabisa! Boljointi ya kulia raba imepasuka, ndani vumbi letu jekundu limechanganyika na kutu, fundi ameingiza mtaimbo chini ya tairi akanyanyua kidogo tu likapanda na kushuka, nimeona kwa macho yangu. Tairodi ya upande huohuo nayo imekwisha, ndo ule usukani. Dereva nimesoma habari yako nikampigia mama simu, sikumwambia kitu, nilitaka tu kumsikia.

Swali la mwisho, kuna boljointi ya mtumba nimeambiwa bei nafuu, nichukue hiyo au mpya? Na kushoto je, haigongi.

Spana17_Ujiji
Chukua mpya kaka. Mlango chukua wa mtumba, taa chukua ya mtumba, boljointi hapana, hujui imetembea kilomita ngapi na ndani huoni. Kushoto ikague kwa mtaimbo huohuo, zimetembea barabara moja miaka ileile, kama ina mchezo hata kidogo badilisha zote. Ile nati ya boljointi hakikisha imefungwa na pini yake mpya, sio waya. Ukimaliza lazima upige alaimenti (kunyoosha matairi) maana tairodi imefunguliwa, la sivyo matairi yatalika haraka.

Ukitoka gereji usiondoke moja kwa moja. Zunguka nayo mtaa wa Mwanga hapo nusu saa, pita matuta redio ikiwa imezimwa na vioo umeshusha, kata kona usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Ikilia "ka ka ka ka" kwenye kona ni sivi jointi (inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi), rudi nayo.

Mwandiga_Juu
Nimebadilisha zote mbili pamoja na tairodi, kushoto nako ilikuwa imeanza. Nimezunguka Mwanga, vioo chini, redio nimezima, kimya. Alaimenti kesho saa mbili asubuhi, tukitoka hapo ndo safari. Nilikuwa nimepanga kuondoka usiku, nimeahirisha, tutaenda mchana.