Baba Mdogo anataka bunduki

*Kundi: Ukoo wa Bibi, Mwanga Kigoma*

Baba Mdogo Issa: Asalaam aleikum wanafamilia. Dukani wamekata kufuli tena, mara ya pili tangu Ramadhani. Wamebeba sukari mifuko minne na mizani. Nimechoka. Naanza kufuatilia kibali cha bunduki.

Shangazi Tatu: Wa aleikum salaam. Pole sana kaka yangu 😢

Hamisi: Pole Baba Mdogo. Naunga mkono. Yule mzee wa Kasulu si alifyatua gobore juu mara moja tu? Wezi hawajarudi mpaka leo.

Bibi: 🎤 Gobore hilohilo ndilo lililomtoa mjukuu wake jicho. Mbona hilo hulisemi?

Rehema: Shikamoo Bibi, shikamoo Baba Mdogo. Poleni. Bibi, roho yangu iko upande wako, lakini hicho nacho ni kisa kimoja, sawa na cha Hamisi. Sisi wodini hatusemi malaria imepanda kwa kuwa mtoto wa jirani anaumwa. Tunafungua kitabu cha MTUHA, kile cha kuandikia takwimu za wagonjwa, tunahesabu mstari kwa mstari, aliyepona na aliyefariki. Kwenye bunduki tunahesabu wanaosimulika tu.

Bibi: 🎤 Marahaba. Haya, hesabu.

Rehema: Marekani mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830. Mnadhani wengi waliuawa na majambazi? 26,328 walijiua wenyewe. Waliouawa na mtu mwingine ni 20,958.

Shangazi Tatu: Yarabi! Zaidi ya nusu?

Rehema: Ndiyo shangazi. Aliyekunywa sumu mara nyingi tunamuwahi. Wanaojipiga bunduki, karibu 9 kati ya 10 hawaponi. Hao wanazikwa kimyakimya, hakuna anayewasimulia kijiweni.

Hamisi: Dada, Marekani watu ni wengi, lazima idadi iwe kubwa.

Rehema: Ndiyo maana inagawanywa. Kwa kila watu laki moja, Marekani mwaka huo walikufa kama 15. Australia ni kama 1.

Hamisi: Hao si walinunua bunduki za raia baada ya yale mauaji ya Port Arthur 1996, watu 35?

Rehema: Ndio hao. Serikali ilikusanya zaidi ya 600,000. Ila vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka kabla ya hapo, kwa hiyo siwezi kuipa sheria sifa yote. Sitaki kubeba namba inayonifaa na kuificha nyingine.

Baba Mdogo Issa: Mwanangu, hayo ya kwao. Mimi niko Kigoma na duka limevunjwa.

Rehema: Kweli Baba Mdogo, siwezi kuzihamishia huku namba za kwao. Basi tuanze na zako. Mara zote mbili walikuja saa ngapi?

Baba Mdogo Issa: Saa nane usiku.

Rehema: Na wewe ulikuwa wapi?

Baba Mdogo Issa: Nyumbani Gungu, nimelala.

Rehema: Bunduki ingekuwa wapi?

Shangazi Tatu: Ama chumbani kwake na wale watoto, ama dukani waibebe pamoja na sukari.

Baba Mdogo Issa: ...

Baba Mdogo Issa: Kesho napita kwa mwenyekiti wa mtaa. Nataka kujua mwaka huu yamevunjwa maduka mangapi, saa ngapi, na yenye mlinzi ni mangapi.

Hamisi: Nitakusindikiza Baba Mdogo. Nakuja na daftari.