TV flati imeua bunduki ya bata, au kuna setingi sijaijua?

mtoto_wa_kaseti
Wakuu habari zenu. Nimefukua konsoli yangu ya kaseti, ile mashine ya gemu ya Nintendo, iliyokuwa kwenye boksi tangu niko darasa la tano, nilijua itakuwa imekufa ila nimeiunga kwa adapta ile inayobadilisha waya tatu za rangi kwenda HDMI na ikawaka bila shida. Nikamwita binti yangu, ana miaka nane, nikamwambia njoo uone baba alikuwa anacheza nini. Tukaweka Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata kwa bunduki ya kuchezea inayochomekwa kwenye konsoli, akashika bunduki vizuri kabisa, akalenga bata wa kwanza karibu anagusa kioo, paa, bata kaenda zake. Wa pili hivyo hivyo. Halafu yule mbwa akatoka kwenye nyasi anacheka na mtoto akanigeukia machozi yanamlenga anasema baba hii bunduki inanionea. Nikaichukua mimi, raundi nzima sijapata hata mmoja, na zamani mimi na dada yangu bata walikuwa hawapiti.

Tukahamia Super Mario Bros, ile ya jamaa anayekimbia na kuruka mashimo, hapo ndo nikachanganyikiwa kabisa. Kila shimo naingia. Namwona Mario yuko ukingoni, nabonyeza kuruka, na yeye anapitiliza anatumbukia kama sijagusa kitu. Shemeji yangu kaniambia umri umeenda, vidole vimekuwa vizito. Mimi sikubali kwa sababu nahisi kidole kinabonyeza kwa wakati. Naomba mnaojua mnisaidie, bunduki imekufa, konsoli imechoka, au ni TV? Na kama ni TV inakuwaje kioo kipya namna hii kishindwe na gemu ya mwaka 1985?

fundi_waya
Mkuu ni TV, na bunduki yako inawezekana kabisa ni nzima.

Watu wengi wanadhani bunduki inapiga kitu kwenda kwenye kioo. Ni kinyume chake, bunduki ni jicho. Ndani ya mtutu kuna lenzi na kidude cha kuhisi mwanga, basi. Ukivuta triga gemu inakifanya kioo kizima kiwe cheusi kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita haraka kwenye kioo, halafu pale alipo bata inachora boksi jeupe. Jicho likiona giza halafu likaona mwanga kwenye fremu ile inayotakiwa, umepiga. Bata wakiwa wawili, boksi la mmoja linakuja kwanza na la mwenzake fremu inayofuata, ndo maana konsoli inajua umemlenga yupi. Fremu ni 60 kwa sekunde, yaani kila moja inakaa kama milisekunde 16.7 tu, kwa hiyo yote hayo unayaona kama kioo kimemeta mara moja.

Sasa TV ya chogo haina pa kuhifadhi picha. Mawimbi yanavyoingia ndivyo mwale wa elektroni unavyochora hapo hapo, mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. TV flati inaipokea picha, inaishika, inaitanua ienee kwenye kioo, inairemba rangi, ndo inaionyesha, na hapo adapta yako nayo imeshakula muda wake. Boksi jeupe linatokea konsoli ilishamaliza kuuliza na imeshaandika umekosa.

Halafu kuna la pili ambalo ndo linamaliza kesi. Waliounda ile bunduki waliweka kichujio ndani yake kinachotafuta mwanga unaopepesa zaidi ya mara 15,000 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mistari ya TV ya chogo, ili mtu asilenge balbu akajipatia bata wa bure. Flati haipepesi hivyo. Kwa hiyo hata ungeondoa kuchelewa kote bado bunduki isingeona kitu. Mtoto wako alilenga sawa, mwambie hivyo.

Neema_pikseli
Nakubaliana na fundi. Na hii ya kuchora mstari kwa mstari unaweza kuiona mwenyewe, ukipata TV ya chogo ifungulie kamera ya simu, utaona mkanda mweusi unatembea kwenye picha. Macho yetu hayaoni ule mkanda, kamera inaunasa.

mtoto_wa_kaseti
@fundi_waya asante sana aisee, nimemsomea binti yangu akasema sawa ila mbwa aache kucheka. Na Mario je? Maana pale hakuna bunduki.

fundi_waya
Ugonjwa ni ule ule. TV flati yenye marembesho yote yamewashwa inaweza kuchelewa milisekunde 50 mpaka 100 na zaidi. Tuseme 100, hizo ni fremu 6. Mario akikimbia kwa mwendo wake wa mwisho anasogea pikseli (vinukta vya picha) 2.5 kila fremu, zidisha mara 6 unapata pikseli 15. Tofali moja la ile gemu lina upana wa pikseli 16. Umeona? Wewe ukimwona yuko ukingoni, kwenye konsoli ameshapita karibu tofali zima, yuko hewani anaanguka. Kidole chako hakina kosa, macho yako ndo yanaletewa habari za zamani.

Nenda kwenye setingi za picha utafute modi ya gemu (game mode) uiwashe, inazima sehemu kubwa ya yale marembesho. Adapta ikiwa ya hovyo bado itakula muda lakini utaona tofauti.

chuma_chakavu
Mada kama hizi ndo huwa nazitafuta. Niongeze moja kabla hujaharibu, naona umesema iliwaka bila shida ila siku ikigoma USIPULIZE KASETI. Najua sote tulipuliza na tuliamini. Kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, zile pini za kaseti na za konsoli zinasuguana upya na kugusana vizuri. Pumzi ina unyevu na unyevu kwenye shaba unaleta kutu, Nintendo wenyewe walikuwa wanawaonya watu wasipulize. Chukua kijiti cha pamba, chovya spiriti kidogo, futa zile meno za kaseti taratibu mpaka pamba iache kutoka nyeusi, subiri ikauke.

Na kwa maoni yangu gemu za wakati ule zilikuwa na heshima kwa mchezaji ambayo siku hizi naikosa. Ile Super Mario Bros yote, muziki, ramani, maadui, ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu inaimeza mara nyingi. Mwonyeshe binti yako mawingu ya juu na vichaka vya chini, ni mchoro ule ule, wamebadilisha rangi tu kuokoa nafasi. Siku hizi nanunua gemu inaniambia subiri ipakue gigabaiti mia na ushee, naiacha usiku kucha, asubuhi inaomba kuapdetiwa tena. Nilichokinunua hasa ni nini?

Neema_pikseli
Kaka chuma hapo kwenye heshima naomba tutofautiane. Nilivyokuwa mdogo nilicheza The Legend of Zelda, ile kaseti ilikuwa na kibetri ndani kinachotunza sevu yako, yaani pale ulipofikia kwenye gemu, siku kibetri kimekufa miezi yangu yote ya kutafuta mapango ikapotea na hakuna aliyeniomba radhi. Leo sevu yangu iko kwenye intaneti, simu ikizama majini naendelea nilipoishia. Gemu mpya zina maandishi makubwa kwa wasioona vizuri, zina rangi mbadala kwa wanaochanganya nyekundu na kijani, unaweza kuhamisha vitufe ukacheza kwa mkono mmoja. Nina mdogo wangu mkono wake wa kushoto haufanyi kazi vizuri, miaka ile pedi ilikuwa hivyo ilivyo na yeye alikaa pembeni kuangalia. Hiyo kwangu ndo heshima.

Kwenye kupakua gigabaiti mia niko na wewe, inachosha kweli.

chuma_chakavu
Dada hiyo ya mdogo wako sikuwa nimeifikiria kabisa. Nakubali.

mtoto_wa_kaseti
Wakuu narudi na majibu. Modi ya gemu ilikuwa imejificha ndani kabisa ya menyu ya picha, nimewasha, na hatua ya kwanza nimemaliza bila kufa. Sikuamini. Shemeji alikuwepo.

Bunduki ilikataa kama mlivyosema, kwa hiyo nikaenda kwa mjomba wangu, ana TV ya chogo stoo, tulibeba watu wawili maana ni nzito kama nini. Nimechomeka waya moja kwa moja, hakuna adapta. Binti bata wa kwanza kampiga, wa pili kampiga, akaweka bunduki chini akanikumbatia, halafu akaiokota haraka maana wengine walikuwa wanakuja. Tumecheza mpaka mama yake akazima taa.

Swali la mwisho, kona ya kulia juu kuna doa la zambarau halitoki, anga yote pale imeharibika rangi. Nifungue nyuma niangalie?

fundi_waya
USIFUNGUE. Ndani ya ile TV kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000 na unaweza kubaki kwenye kioo hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Hapo karibu na hiyo kona kuna spika?

mtoto_wa_kaseti
Ipo, nimeiegesha juu ya kabati pale pale.

fundi_waya
Ndo hiyo. Sumaku ya spika inavuta ule mwale wa elektroni pembeni, unagonga rangi isiyo yake. Isogeze mbali, zima TV kwa swichi kubwa kabisa usitumie rimoti, iache ipoe kama nusu saa halafu washa. Ukisikia inanguruma kidogo mwanzoni usiogope, kuna koili inazunguka kioo ambayo kazi yake ni kuondoa usumaku huo na inafanya kazi mara moja tu TV ikiwashwa ikiwa imepoa. Doa likibaki kidogo rudia.

mtoto_wa_kaseti
Spika nimeitoa mpaka chumba kingine. Nimezima, tunasubiri ipoe, binti amekaa mbele ya kioo na bunduki mkononi.