Nimeendesha lori miaka 11, programu imenikataa kwa kunitazama uso dakika 4!

Ndugu wa Lubumbashi, nina hasira na sitaificha.

Kuna kampuni ya usafirishaji hapa mjini ilitangaza inatafuta mashofa wa kubeba makatodi, yale mabamba ya shaba safi, Kolwezi mpaka Kasumbalesa mpakani na Zambia. Njia hiyo naijua kama uwanja wa kwetu Katuba. Miaka 11 niko kwenye usukani na sijawahi kupindua gari. Nikaenda na dosye yangu kamili: permi, vyeti, barua za mabosi wawili. Mlinzi hakuipokea hata kuifungua. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa getini: maombi ni kwa simu tu.

Haya, kwa simu. Wanataka picha ya kadi ya mpiga kura, mbele na nyuma. Wanataka namba za watu 3 wanaokufahamu. Halafu ujirekodi video, ujibu maswali 5 kwa Kifaransa huku umekazia kamera macho, usigeuke. Ilikuwa saa mbili usiku, umeme umekatika tangu asubuhi, mke wangu kanishikia tochi ya simu yake usoni mpaka machozi yananitoka. Swali la nne: eleza siku uliyokasirika kazini. Nikawaza kidogo kabla ya kujibu. Hakuna swali hata moja la breki kwenye mteremko, wala la kufunga mzigo, wala la foleni ya Kasumbalesa unapolala siku tatu chini ya lori.

Dakika 4 tu, ujumbe umeingia. Hukuchaguliwa. Kujiamini: chini. Utulivu wa uso: chini.

Utulivu wa uso! Tani 30 za shaba zinahitaji uso gani?

Kesho yake nikarudi pale. Dada wa mapokezi akaniambia kwa heshima, "Papa, programu ndiyo inachagua, siye tunaletewa majina tu." Nikamwuliza nani atafuta video yangu na kadi yangu. Akasema vinabaki kwenye sistemu. Sistemu iko wapi? "Haiko huku Kongo, papa."

Na bado. Leo asubuhi shemeji yangu, mmoja wa wale watatu niliotoa namba zao, kanipigia. Anatumiwa meseji za mikopo asiyoiomba. Wanamwita kwa jina lake kamili, likikosa herufi ileile moja niliyoiruka mimi usiku ule kwenye ile fomu. Kosa langu lenyewe wamelibeba! Sasa mniambie limetoka wapi kama si huko.

Ulaya wana sheria ya akili bandia iliyoanza 1 Agosti 2024. Programu za kuchuja waomba kazi wameziweka kwenye kundi la hatari kubwa, na kusoma hisia za mtu kazini kumepigwa marufuku tangu 2 Februari 2025, isipokuwa kwa matibabu au usalama. Wameona hatari yake. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu 3 za kutambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi 0.8%. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea 34.7%. Na zile zilikuwa picha za wabunge, watu waliokaa vizuri mbele ya kamera. Uso wangu mweusi chini ya tochi utasomwaje?

Msiniambie Kongo hakuna sheria. Ipo Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ya 13 Machi 2023. Inataka ridhaa yako kabla data zako hazijachukuliwa, inakupa haki ya kuziona, kuzisahihisha na kuomba zifutwe, na imetaja mamlaka ya kuzilinda. Mimi mtu wa Katuba nibishe mlango gani? Yule dada wa mapokezi hajawahi hata kuisikia, na simlaumu yeye. Nawalaumu waliomweka pale bila kumwambia kitu.

Siombi huruma. Nataka video na kadi yangu vifutwe, nionyeshwe kwa maandishi kwamba vimefutwa, na niambiwe namba ya shemeji wamempa nani. Halafu mtu mwenye macho apande kiti cha pembeni nimwendeshee lori mpaka Likasi na kurudi, ndipo anikatae.

Nawe kama ulituma kadi yako pale, andika hapa chini tarehe na jibu walilokupa. Alhamisi saa tatu asubuhi narudi getini na barua. Sitaki kwenda peke yangu.