Mrejesho: Chesisi iliyokuwa ikicheza kwenye boksi la usukani

Wakuu, niliuliza kwa nini Austin-Healey 3000 ya mzee wangu (gari la zamani la michezo la Uingereza) inachelewa kuitika usukani ilhali boksi la gia za usukani na tairodi (fimbo za kugeuza magurudumu) ni nzima. Mlioniambia nikague chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari), Mungu awabariki. Hapa Tanga tulizungusha usukani gari likiwa chini, kidole nimekigusisha kwenye mshono wa boksi na chesisi: boksi lilihama pamoja na bati la chesisi linalolishika, ufa mwembamba ukianzia tundu la bolti. Fundi alitoboa ncha ya ufa usiendelee, akachomelea, akaongeza bati la milimita 3 na vipande vya bomba ndani ya chesisi, bolti zikikazwa zisiibonyeze. Pembe za bati kaziviringa, maana pembe kali huzaa ufa mpya. Sasa usukani unaitika palepale! Imebaki kupaka dawa ya kutu kwa ndani. Chumvi ya bahari huku haina huruma.